Kisu Hunolewa Kabla ya Matiko au Baada Yake?
Habari za wanoaji wa Sheffield

Mtu anunuapo kisu hutazama makali, hutazama mpini, hupima uzito wake mkononi, kisha hulipa. Ni wachache waulizao kazi ya kisu kile ilianza wapi na ikaishia wapi. Katika mazungumzo yetu haya tumeazimu kueleza jambo moja tu la kazi hiyo, nalo huonekana kuwa dogo: je, fundi hulinoa bapa la kisu kabla ya kulitia matiko, au hulitia matiko kwanza ndipo alinoe? Pengine wasikilizaji watasema kwamba hayo ni mambo ya wahunzi, na wahunzi wenyewe wayaamue. Lakini katika mji mmoja wa Uingereza, uitwao Sheffield, utaratibu huo wa kipi kitangulie na kipi kifuate uliamua pia mtu ataishi miaka mingapi. Ndiyo sababu tumeona yafaa kuusimulia.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Pua ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, nayo ni kitu kile kile kilichomo ndani ya makaa. Katika visu vya zamani kaboni hiyo ilikuwa yapata sehemu moja katika mia, mara nyingi hata chini ya hapo. Pua ikipoa polepole huwa laini kiasi, na tupa huweza kuila. Lakini mhunzi akiitia motoni mpaka iwe nyekundu, kisha akaichovya majini kwa ghafula, hugeuka tabia yake, ikawa ngumu hata tupa huteleza juu yake kama juu ya kioo. Huko ndiko kutia matiko. Ugumu huo, hata hivyo, una hasara yake, kwa kuwa chuma huwa kikavu mno, na kisu kikianguka juu ya jiwe huweza kukatika vipande. Basi fundi hukirudisha kwenye moto mdogo, wa digrii 200 hadi 300 za Sentigredi, ili kukipunguzia ukavu. Zamani hapakuwa na chombo cha kupimia joto hilo. Fundi aliusugua uso wa chuma ukang'aa, kisha akaangalia rangi zikipita juu yake: kwanza manjano kama majani makavu, halafu hudhurungi, halafu zambarau, mwisho samawati. Wembe ulitolewa motoni kwenye manjano. Samawati ni rangi ya springi. Makali ya wembe yakifika hapo yamekwisha haribika.

Na tusemapo kunoa, hatuneni habari ya kutia makali kwenye kinoo jikoni. Bapa litokalo kwenye fuawe ni nene, lina magamba meusi ya moto na alama za nyundo. Mnoaji hulisogeza kwenye jiwe kubwa la cherehe akaondoa chuma kingi, mpaka bapa lipate wembamba, liwe nene mgongoni na jembamba upande wa makali. Bila kazi hiyo, kile alichofua mhunzi ni kipande cha chuma chenye umbo la kisu tu.

Sasa matata yenyewe ni haya. Fundi akilinoa bapa lingali laini, kazi huenda upesi na jiwe haliliki sana. Lakini makali yale membamba yakiingia motoni hushika joto kabla ya mgongo. Huungua, hupoteza kaboni yake, na yakichovywa majini hujipinda au hupasuka. Twajua wahunzi wengi waliotazama kazi ya siku nzima ikilia ndani ya pipa la maji, nao wakijua maana ya mlio ule. Akingoja mpaka bapa limekwisha kuwa gumu, hana hofu ya kupasuka, lakini lazima apambane na chuma kinachokataa kulika, na tena yuko adui mwingine, naye ni joto la msuguano. Msomaji aliyepata kumwona mnoaji wa barabarani, yule akanyagaye pedali za baiskeli akazungusha jiwe dogo, ameziona zile cheche. Kila cheche ni chembe ya chuma iwakayo. Makali yakishindiliwa juu ya jiwe kavu kitambo kidogo tu, hupita rangi zote zile tulizozitaja mpaka samawati, na matiko hutoka papo hapo. Tena mnoaji mwongo aweza kuing'arisha rangi ile ikafutika, asiwepo mnunuzi wa kuitambua mpaka kisu kimeingia jikoni na kushindwa kukata nyanya.

Wajapani, waliopata sifa kubwa kwa panga zao, waliligawa jambo hilo katika sehemu mbili. Mhunzi alilichonga bapa lingali laini, kwa tupa na kwa chombo cha kukwangulia chenye vipini viwili, akayaacha makali yangali manene. Kisha alilipaka udongo: mwembamba kwenye makali, mnene mgongoni, ili maji yayapoze makali upesi na mgongo polepole. Baada ya kulichovya, upanga ulipokea ule mpindo wake ujulikanao, kama haukupasuka. Hapo kazi yake iliisha, na upanga ulipelekwa kwa fundi mwingine kabisa, msugua panga, aliyeusugua kwa mkono, kwa siku nyingi, juu ya mawe mbalimbali yenye kuloweshwa maji, la kukwaruza kwanza na laini mwisho. Hakuna gurudumu, hakuna cheche, wala hakuna vumbi. Lakini upanga kama huo ulikuwa wa mtu mwenye cheo, na bei yake haikuwa ya mtu wa shamba. Sheffield haikutengeneza panga za mabwana; ilitengeneza visu vya mezani, nyembe, mikasi na nyuma kwa maelfu, kwa watu wote wa Uingereza na wa ng'ambo.

Mji huo umekaa mahali pazuri kwa kazi hiyo. Mito mitano hushuka kutoka vilimani: Don, Sheaf, Porter, Loxley na Rivelin. Si mikubwa, lakini hushuka kwa nguvu, na watu waliijengea mabwawa na magurudumu ya maji, hata mahali penye magurudumu hayo pakazidi mia moja. Jiwe la mchanga la kunolea lilichimbwa karibu, huko Wickersley. Chama cha wafua visu cha nchi ile, iitwayo Hallamshire, kilipewa sheria yake na Bunge mwaka 1624. Na katika miaka ya 1740 mtengeneza saa mmoja, Benjamin Huntsman, aligundua njia ya kuyeyusha pua ndani ya chungu cha udongo mpaka iwe maji matupu, ikatoka safi na ya namna moja. Husimuliwa kwamba wafua visu wa Sheffield waliikataa kwanza kwa kuwa ilikuwa ngumu kuifua, na Huntsman akaiuza Ufaransa, mpaka wenyewe walipoona visu vya Kifaransa vinavishinda vyao.

Utaratibu wa Sheffield kwa kisu cha mezani ulikuwa huu. Mfuaji na msaidizi wake walilifua bapa la pua, wakaliunga na msuka wa chuma cha kawaida, wakalitia alama, wakalitia matiko na kulipunguzia ukavu, yote katika kiwanda kimoja. Ndipo likachukuliwa kwa mnoaji. Kunoa, basi, kulikuja baada ya matiko, na kwa sababu hiyo mnoaji hakuweza kufanya kazi bila maji. Alikaa juu ya kiti cha mbao kama mtu aliyepanda punda, ameinama mbele, na jiwe likizunguka mbele yake, upande wake wa chini umezama katika birika. Maji yaliyoshikwa na jiwe yalilipoza bapa kila nukta. Wakati wa baridi mikono yake ilikufa ganzi, na nguo zake zililowa tope. Tena jiwe lenyewe lilikuwa la hatari. Likiachwa usiku kucha limezama nusu, upande mmoja hunywa maji ukawa mzito na dhaifu, na asubuhi likizungushwa kwa nguvu huweza kupasuka. Wako waliouawa hivyo, kisu kingali mkononi.

Lakini si kazi yote ya Sheffield iliyofanywa majini, na hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari yetu. Tutazame wembe. Wembe huhitaji kuondolewa chuma kingi kuliko kisu, na kukiondoa chote baada ya matiko ni kazi ndefu. Basi mafundi waliona afadhali kuuchonga kwanza juu ya jiwe kabla haujatiwa matiko, kuondoa magamba na unene wa bure, kisha wautie matiko, kisha waumalizie juu ya jiwe lenye maji. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Wembe uliosafishwa magamba huchovyeka vizuri zaidi, na kazi ya baadaye hupungua. Na katika kuchonga kule kwa kwanza, maji ya nini? Chuma kingali laini. Hakina matiko ya kupotea. Kikiwa samawati, na kiwe. Kitarudi motoni hata hivyo. Kwa hiyo walichonga juu ya jiwe kavu, lilalo upesi zaidi, wala halina tope wala baridi. Nao uma vile vile ulinolewa kwa jiwe kavu, kwa kuwa uma hauna makali ya kulindwa.

Twaomba msomaji alifikiri jambo hili kwa utulivu. Maji yale ya birikani hayakuwekwa kwa ajili ya mtu. Yaliwekwa kwa ajili ya kisu. Pale kisu kilipoyahitaji, mtu alipata faida bila kukusudiwa. Pale chuma kilipokuwa hakiyahitaji, yaliondolewa, na hakuna aliyeuliza yeye aliyekaa juu ya kiti atavuta hewa gani. Na hewa ile ilijaa vumbi la aina mbili, la chuma na la jiwe. Lile la jiwe ndilo baya zaidi, kwa kuwa jiwe la mchanga ni chembe za silika, ngumu na kali, ndogo hata hazionekani. Zikifika ndani ya mapafu hazitoki. Mapafu huota makovu kuzizunguka, hukakamaa, na pumzi hupungua mwaka hata mwaka. Siku hizi waganga huuita ugonjwa huo silikosisi. Watu wa Sheffield waliuita pumu ya wanoaji.

Mwaka 1830 daktari mmoja wa mji huo, Arnold Knight, aliandika habari za ugonjwa huo. Alihesabu wanoaji wapatao 2,500 katika Sheffield. Miongoni mwao wanoaji wa nyuma, wafanyao kazi kavu tupu, walikuwa yapata 150, yaani wanaume 80 na wavulana 70; hao, alisema, hufa kati ya umri wa miaka 28 na 32. Wanoaji wa nyembe, ambao kazi yao ni kavu na majimaji pia, hufa kati ya miaka 40 na 45. Wanoaji wa visu vya mezani, wafanyao kazi majini, hufa kati ya 40 na 50. Hebu tuzitazame tarakimu hizo pamoja na utaratibu wa kazi tuliokwisha ueleza. Zinafuatana kama ngazi. Kadiri jiwe lilivyokuwa kavu, ndivyo umri ulivyokuwa mfupi. Na wala wale wa mwisho hawakuwa na bahati kubwa, kwa maana mtu wa miaka 45 ni mtu mwenye watoto wangali wadogo, na tope likikauka juu ya nguo na sakafu huwa vumbi tena.

Zamani madhara hayakuwa makubwa namna hiyo. Mtu mmoja alifua na kunoa pia, na vyumba vya magurudumu vilikuwa kando ya mito, penye upepo. Mto ulipokauka kazi ilisimama, watu wakalima bustani zao. Karne ya 18 ilipofika katikati, kunoa kulijitenga kukawa kazi ya mtu pekee maisha yake yote. Kisha ikaja mashine ya mvuke, isiyojua kiangazi wala ukame. Wanoaji walisongamana ndani ya vyumba vya mjini, mawe mengi chini ya dari moja, nao wakanoa kutwa, mwaka mzima. Mvuke ulisifiwa sana katika vitabu, nasi hatukani sifa zake, ila hayo pia yalitokana nao.

Je, hapakuwa na mtu aliyetafuta dawa? Walikuwapo. Katika miaka ya mwanzo ya 1820 mwalimu mmoja wa Sheffield, John Henry Abraham, alitengeneza chombo cha sumaku cha kuwekwa karibu na jiwe na mbele ya kinywa cha mnoaji, ili kivute vumbi la chuma. Wenye elimu wa London walimpa nishani kwa kazi hiyo. Lilikuwa wazo la mtu mwema, lakini sumaku hunasa chuma tu, na vumbi la jiwe lilipita kando yake kama maji yapitavyo katika wavu wa samaki. Wengine walitengeneza kitu bora zaidi, yaani bomba la mbao lililofunika nyuma ya jiwe, lenye pepeo la kuvuta hewa na kulitoa vumbi nje. Hilo lilifaa kweli kweli. Hata hivyo wanoaji wengi walilikataa, na mahali pengine walilivunja.

Watu wa mbali waliosikia habari hiyo waliwaita wapumbavu. Sisi hatukubali. Mnoaji wa Sheffield mara nyingi hakuwa mtumishi wa kampuni. Alikodi nafasi yake ya jiwe kwa fedha yake, na pepeo angelilipa mwenyewe. Tena mshahara wake ulikuwa mzuri kidogo kwa sababu moja tu, kwamba watu waliiogopa kazi ile. Aliona wazi kwamba vumbi likiondoka, vijana wengi wataingia, na bei ya kazi itashuka. Alikuwa akiuza miaka ya maisha yake, na akahofu kwamba mtu anataka kuishusha thamani ya bidhaa ile ya pekee aliyokuwa nayo. Hesabu hiyo ni ya kutisha, lakini si ya mpumbavu. Aliyepaswa kulaumiwa ni yule aliyenunua wembe kwa bei rahisi asiulize kwa nini ni rahisi, naye alikuwa kila mtu.

Sheria zilifuata taratibu. Ile ya mwaka 1867 iliwapa wakaguzi wa viwanda uwezo wa kuamuru pepeo liwekwe penye vumbi la kunolea, na mwaka 1925 zikatungwa kanuni maalumu za kunoa visu na vyombo vyenye makali. Lakini dawa kubwa ilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1891, huko Marekani, Edward Acheson alichanganya udongo na makaa katika tanuru ya umeme, akapata fuwele ngumu ajabu zilizoitwa karborundamu. Kwa fuwele za namna hiyo yalitengenezwa mawe ya kiwandani, magumu kuliko jiwe la mchanga, yasiyolika upesi, wala yasiyotoa vumbi lile la silika. Polepole jiwe la Wickersley likaachwa. Siku hizi katika viwanda vikubwa mabapa hukatwa kutoka katika mabati ya pua, hutiwa matiko kwa mamia katika tanuru zenye kupimwa joto, ndipo hunolewa na mashine huku maji yakimiminika juu yake bila kukoma. Wahunzi wadogo bado hugawanya kazi kama tulivyoeleza, sehemu kabla ya matiko na sehemu baada yake, wakiacha makali yawe na unene kama wa sarafu nyembamba yaingiapo motoni. Hatari ya kazi kavu kwao haijaisha, na mwenye busara hufunika pua na kinywa.

Kando ya mto Porter kiko kiwanda kimoja cha zamani kilichosalia, kiitwacho Shepherd Wheel. Kilitajwa katika wasia wa mwaka 1584, nacho kilinoa visu mpaka miaka ya 1930. Leo ni makumbusho, na wageni huonyeshwa gurudumu, mawe na viti vya mbao. Katika mabirika ya viwanda kama hicho lilijikusanya tope la manjano, mchanganyiko wa jiwe na pua. Halikutupwa. Wakati ule pua ilitengenezwa kwa kupanga fito za chuma cha Sweden pamoja na makaa ndani ya masanduku makubwa ya mawe, na kuzipasha moto kwa muda wa juma moja hivi, hewa isiingie kabisa. Kitu kilichofaa kuziba midomo ya masanduku yale ni tope la wanoaji, maana katika joto huyeyuka kidogo likawa gamba gumu. Basi lilichotwa birikani, likapelekwa tanuruni, likapakwa juu ya masanduku, na chini yake ikaiva pua ya visu vilivyofuata.